Mafuta ya Kumpaka Masihi

Hapo zamani, babu zenu wakiwa bado hawajaota meno, palikuwa na kijiji katika nchi kavu ambacho watu wake walimngoja Masihi kuliko walivyoingoja mvua. Mwalimu aliyewaletea Neno aliugua akafa kabla hajamaliza kufundisha. Jambo la mwisho alilowaeleza ni kwamba Masihi maana yake ni aliyepakwa mafuta. Basi wakaulizana: akija, nani atampaka, na kwa mafuta gani? Msicheke. Nanyi mngekuwa na hamu ile mngeuliza vivyo hivyo.

Wakaweka desturi. Kila mavuno ya ufuta, mafuta ya kwanza yalitiwa kibuyuni, na kibuyu kikatundikwa katika nyumba ya sala. Mtunzaji alikuwa Milembe. Alianza kazi hiyo akiwa msichana, akaolewa nayo, akafiwa na mume nayo, akazeeka nayo. Kila asubuhi alikipangusa kibuyu, akasimama mlangoni, akaitazama njia. Alitamani kitu kimoja tu duniani, kwamba mikono yake ndiyo immiminie Masihi mafuta.

Ukaja mwaka wa njaa. Ufuta ulikauka mashambani kote, isipokuwa kwa Luhende, aliyevuna kikapu kimoja. Watoto wake walikuwa wakilia njaa. Luhende akatwanga, akakamua, akayapeleka mafuta yote kibuyuni. Usiku ule watoto walilalia maji.

Siku moja ya njaa ile, jua likiwa kali, mgeni akaanguka mlangoni pa nyumba ya sala. Moto wa nyika ulikuwa umemuunguza mgongo na mikono. Milembe alikuwa ameenda kisimani, na aliyekuwapo ni mkwewe, Nyanjige. Nyanjige akazunguka nyumba zote kuomba mafuta, asipate hata tone. Akarudi, akakitungua kibuyu, akampaka yule mtu mpaka kibuyu kikakauka. Mgeni akapata usingizi. Alipopona akashukuru, akaenda zake, wala jina hakulitaja.

Milembe aliporudi siku ile alikikuta kibuyu chini.

"Mwanangu, umefanya nini?"

"Mama, mtu alikuwa anakufa."

"Na Masihi akija leo jioni, nitamwambia nini?"

Wakakaa chini wote wawili, wakalia.

Baadaye akaja mwalimu mwingine. Aliisikiliza habari yote, kisha akasema kwa upole, "Ndugu zangu, Masihi hangoji mafuta yenu. Mungu alikwisha kumpaka kwa Roho wake, awe nabii, kuhani na mfalme. Sisi ndio tunaopakwa kwa ajili yake."

Milembe akauliza, "Kwa hiyo hanihitaji?"

Mwalimu akainama. Akatoa kichupa cha mafuta mfukoni, akasema, "Nitawapaka nyote, mwitwe watu wake. Na aanze yule aliyemngoja kweli."

Luhende akasogea. "Mwalimu, nilimpa chakula cha wanangu. Baba gani hutoa zaidi ya hapo?" Mkewe akatazama pembeni.

Watu wakamsukuma Nyanjige mbele. "Mimi kumngoja sikujua sana," akasema. "Ila yule mgeni nilimpaka kwa jina la Masihi, na nikijua mama atanichukia."

Milembe alibaki mlangoni, macho njiani. "Sikutoa kitu, na hicho nilichotunza kimekwisha. Nilimtamani tu, maisha yangu yote. Bado namtamani."

Mwalimu akachovya kidole katika mafuta, akainua mkono, na mkono ukakwama hewani. Nami namwacha papo hapo, kwa sababu kila nikiisimulia habari hii nabadili mawazo. Semeni ninyi mnaosikiliza: katika hao watatu, nani hasa alimngoja Masihi, apakwe wa kwanza?