Kikao cha Kupungua Mbio kwa Mbwa Kufuli

Paukwa!
Pakawa!

Kikao cha Dharura cha Kamati ya Kudumu ya Ua Kuhusu Kupungua Mbio kwa Mlinzi na Mengineyo Yatokanayo. Hicho ndicho kichwa cha shauri. Shauri lenyewe: mbwa alinenepa.

Ilikuwa zamani, wanyama walipokuwa na vikao vingi kuliko chakula. Mbwa huyo, Kufuli, alilinda nyumba ya Mama Nakijwa, na Mama Nakijwa alimpenda. Akila andazi, Kufuli anamegewa. Akinywa chai, Kufuli anabakishiwa, na sukari yake. Tumbo likashuka. Akitembea, bwata, bwata. Akipumua, hee, hee.

Ngawa, mnyama wa porini mwizi wa kuku, akapata habari. Akaja jioni, wala hakukimbia. Nyaku! Akambeba kifaranga. Kufuli akabweka palepale alipolala.

Kuku akalia kikaoni. "Mwenyekiti, mwanangu kaliwa!"

"Pole, mama," akasema Mbuzi, mwenyekiti. "Tutalifikia, ni ajenda ya mwisho. Kwanza lishe. Mbwa ale majani. Mimi nala majani, si mnaniona?"

"Konokono," akasema Bata.

"Maziwa," akasema Paka. "Nami nikae karibu, nisimamie."

Mapendekezo yote matatu yakapita. Kufuli akala majani, akakohoa. Akala konokono, akatapika. Maziwa hakuyaona, msimamizi aliwahi. Na Ngawa akarudi. Nyaku! Kifaranga wa pili.

Kuku akaacha kikao, akamwendea mbwa mwenyewe.

"Baba Kufuli, ulipokuwa na mbio ulikula nini?"

"Ugali wa dona na dagaa wa kuchemsha, bila chumvi. Na maji."

"Na maandazi?"

"Maandazi yalikuja na mapenzi."

"Basi yakatae. Wamebaki wawili tu."

Asubuhi, andazi likatua mbele ya Kufuli. Mate, churuuu! Akalitazama. Akawatazama vifaranga. Akageuza uso.

"Mungu wangu, mbwa anaumwa!" akasema Mama Nakijwa. Akampikia chakula cha mgonjwa: dona laini na dagaa wasio na chumvi. Kisha akampeleka kwa bwana mifugo, kwa miguu, ng'ambo ya kilima.

Bwana mifugo yuko semina.

Kesho yake wakaenda tena. Yuko semina. Keshokutwa, semina. Wakaenda, wakarudi, wakaenda, wakarudi, mpaka mwezi ukaandama. Tumbo la Kufuli likapanda.

Ngawa akaja jioni, taratibu, kama mwenye nyumba.

Fyuuu!

"Ah! Si ulikuwa mgonjwa wewe?" akalia Ngawa.

"Niko kwenye matibabu," akasema Kufuli, mdomo umejaa manyoya ya mkia.

Ngawa hakuonekana tena. Kamati ikajipongeza kwa kupitisha konokono.

Nanyi mlio hapa, wakubwa kwa wadogo: umpendaye mbwa, mpe chakula cha mbwa, kwa kiasi, umtembeze. Hadithi imefika hapa, nami nanyamaza. Mbwa alikula dona na dagaa, akatembea, na vifaranga wawili wakakua.