Apewaye Mshipi Hurudi

"Apewaye mshipi hurudi." Hayo ndiyo maneno jirani aliyomwambia mama yenu leo asubuhi, nanyi mkabaki kutazamana. Ponsiano akacheka, akauliza: mshipi gani, wa suruali? La, mjukuu wangu. Ni mshipi wa kuvulia, ule uzi mrefu wenye ndoano. Endeleeni kuchambua dagaa, masikio hayazuii mikono. Methali hii ilianza hivi, tena hapa hapa kwetu, kwenye mwambao huu wa Ziwa Tanganyika.

Palikuwa na mtu aliyeitwa Gaspari Sikazwe. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni waliokuja kuvua kwa starehe. Wengi walitoka nchi za baridi, ambako walizoea kuvua samoni na trauti katika maziwa yao, na huku walifuata sangala na kuhe, samaki wakubwa wa ziwa letu. Walikuja na fimbo nyembamba zenye gurudumu la kukunjia mshipi, na vyambo vya bandia vinavyometameta kama dagaa. Gaspari aliwapakia kwenye boti yake, akawapeleka penye miamba, akawaonyesha pa kutupa na namna ya kungoja. Aliwapenda wageni wale. Mgeni akikosa samaki, yeye ndiye aliyekosa usingizi.

Mkewe alifariki mapema akamwachia watoto wawili, Patrisi na Oresta. Patrisi alipokua akawa seremala. Oresta alikulia ndani ya boti, maana alipokuwa mchanga baba yake alimfunga mgongoni kwa kitenge na kwenda naye kazini, wageni wakicheka na kumpigia makofi. Akakua anajua ziwa. Baba alipoanza kuchoka, ni Oresta aliyeshika usukani.

Basi uzee ukaja, na uzee wa Gaspari ukaja na ugonjwa wa kusahau. Ulimwingia polepole, kama maji yaingiavyo kwenye mtumbwi wenye ufa. Kwanza alisahau majina ya wageni, halafu ya majirani. Kisha siku moja Oresta alipompelekea uji, mzee alimtazama kwa adabu akasema, "Asante sana, mama. Wewe umeolewa na nani hapa?"

Oresta alijibu, "Mimi ni wa hapa hapa, mzee wangu." Alipotoka alikwenda nyuma ya nyumba, akajifuta macho kwa ncha ya kanga mpaka ikalowa.

Jambo moja tu mzee hakulisahau, nalo ni kazi. Kila kulipokucha alivaa kofia yake, akashika njia ya ziwani. Ukimuuliza anakwenda wapi, atakwambia, "Wageni wananisubiri." Wakawa wanamrudisha, naye anatoka tena. Hata asubuhi moja wavuvi walimkuta mbali majini, ndani ya mtumbwi wa mtu, hana kasia, nguo zimeloa chapachapa, anatetemeka. Walipomfikisha nyumbani, Patrisi alitetemeka kuliko yeye.

Siku ile ile Patrisi alichonga komeo la mninga, akalipigilia kwenye mlango wa baba kwa nje.

Oresta akamwambia, "Kaka, baba si mbuzi."

"Ndiyo maana nimemfungia," Patrisi akajibu. "Mbuzi akizama nitanunua mwingine."

Oresta aliijua hofu ile. Hata yeye alikuwa nayo.

Mwanzoni mzee aligonga mlango na kuita, "Majirani, nimefungiwa na wezi!" Watu walipita njiani wameinamisha vichwa. Kisha akanyamaza, na kimya kile kilikuwa kibaya zaidi. Aliketi kitandani ameelekea ukuta. Uji ulipoa, ugali ulikauka. Mashavu yakabonyea, na mikono iliyozoea kuvuta samaki wakubwa ikalala mapajani kama mikono ya mtu mwingine. Kila Oresta alipofungua mlango alimkuta baba yuko pale pale, na kila mara alihisi amekwenda mbali kuliko siku ile ya mtumbwi.

Asubuhi moja Oresta hakuweza tena. Hakuwa na wageni siku hiyo. Alivaa kofia pana aliyoachiwa na mgeni mmoja, akachukua fimbo ya kuvulia, akaondoa komeo. Lakini hakuingia. Alisimama nje, akabisha.

"Hodi! Nimeambiwa hapa ndipo anapokaa mzee anayeongoza wageni ziwani."

Ndani kitanda kikalia.

"Karibu," mzee akasema, na sauti ilikuwa ile ya zamani. "Lakini umechelewa, mgeni. Jua halingoji mtu. Kofia yangu iko wapi?"

Wakaongozana, mzee mbele, Oresta nyuma. Oresta hakujua kama anafanya hisani au anafanya wazimu. Walipofika ufukweni, Patrisi alikuwa anakuja mbio, bado ana randa mkononi.

"Oresta! Akitumbukia je?"

"Basi panda na wewe umshike."

Mzee aligeuka, akamtazama mwanawe kutoka kichwani hadi miguuni. "Huyu naye ni mgeni?"

Patrisi akamwangalia dada yake. "Ndiyo, mzee," akasema kwa shida. "Na mimi ni mgeni."

"Basi acha hilo randa. Samaki hawapigwi randa."

Oresta aliendesha injini, mzee akaketi mbele akimwelekeza kwa kidole. Patrisi alikaa nyuma ya baba yake, amekamata upindo wa koti lake, kama mtoto anavyomshika mzazi sokoni. Upepo ulikuwa mdogo. Mzee alizungumza njia nzima. Alimweleza "mgeni" wake mahali kuhe wanapolindia watoto wao, na jiwe ambalo usilikaribie. Hakukosea hata mahali pamoja.

Kisha, bila kuulizwa, akasema, "Nina binti. Mama yake alifariki, nikawa namchukua humu humu botini. Sasa anaongoza wageni kuliko mimi."

Oresta aliukaza mkono kwenye usukani. "Yuko wapi siku hizi?"

"Sijui. Simwoni." Mzee alitazama maji. "Ukikutana naye, nisalimie. Mwambie sikukasirika kwamba amechukua boti. Nilikuwa nataka aichukue."

"Nitamwambia," Oresta akasema.

Walipofika penye miamba, mzee akampa Patrisi ile fimbo ya kuvulia, akamwonyesha pa kutupa. Muda haukupita, mshipi wake ukavutwa kwa nguvu hata fimbo ikapinda. Alikuwa sangala, na si mdogo. Patrisi aliliachia koti la baba, akashika fimbo kwa mikono miwili, akaanza kukunja gurudumu kwa nguvu zake zote. Mshipi ukalia kama uzi wa gambusi.

"Usikaze!" mzee akasema. "Mpe mshipi."

"Atakwenda zake, baba!"

"Anakwenda kwa sababu umekaza. Utamkata mdomo au utakata mshipi. Mpe aende."

"Nikimpa nitampoteza!" Patrisi alipiga kelele, na Oresta alisikia kwamba sauti ile haikuwa ya mtu anayelilia samaki. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

Mzee alisogea taratibu akishika ubao wa boti, akauweka mkono wake juu ya mkono wa mwanawe, akaulegeza kidole kimoja kimoja. "Tulia, mgeni wangu. Hujamtupa, bado unaye mkononi. Akienda, mfuate kwa mkono mwepesi. Akichoka, mvute kidogo. Apewaye mshipi hurudi."

Gurudumu likazunguka, sangala akaenda, akaenda, mpaka Patrisi akafumba macho. Halafu mshipi ukasimama. Ukaanza kurudi, kidogo kidogo, na walipochungulia majini waliona ubavu mweupe unapanda kuelekea kwao.

Waliporudi nyumbani, Patrisi hakusema kitu. Alichukua nyundo, akaling'oa komeo, akaupasua ule mninga ukawa kuni za kumpikia yule sangala.

Tangu hapo mlango haukufungwa. Mzee alitoka kulipokucha kama kawaida yake, na mmoja wao alimfuata kwa mbali asionekane. Oresta alipokuwa hana wageni, yeye ndiye aliyekuwa mgeni. Siku nyingine mzee aliketi tu ufukweni akawasalimu wavuvi, na jua likipanda aliinuka mwenyewe akashika njia ya nyumbani. Akala, akanenepa kidogo, akalala vizuri. Akili yake haikurudi, nisiwadanganye. Jina la Oresta hakulitaja tena mpaka anazikwa. Lakini kila alipofika mlangoni aliuliza, "Wageni wangu wamekula?"

"Wamekula, baba," Oresta alimjibu.

"Basi, nami nipe."

Akawekewa chakula, wakala pamoja watatu.

Watu walimlaumu Patrisi. Wakamwambia, "Wewe mtoto gani, unamwacha baba yako mgonjwa anatembea ovyo? Hupendi mzazi?" Patrisi hakugombana nao. Aliendelea kupiga randa, na macho yake hayakubanduka njiani, mpaka kofia ya mzee ilipochomoza penye kona. Hapo ndipo aliposhusha pumzi na kuwajibu:

"Apewaye mshipi hurudi."