Mbegu Zilizopikwa Pilau

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitikia kwa uvivu? Njaa? Basi hadithi hii ni yenu.

Hapo zamani za kale, wanyama na ndege walilima mpunga bondeni. Bi Kanga alikuwa mjane mwenye vifaranga. Jaruba lake dogo, lakini akivuna walikula, na kidogo kikabaki cha kuuza. Na mbegu? Mbegu alizitia kikapuni, akazitundika juu ya meko zipate moshi, wadudu wasiziguse. Ndiyo desturi ya bonde lile. Mbegu haziliwi, hata mtoto akilia.

Siku moja, ndu! ndu! ndu! Ngoma. Akaja Mbuni, mjumbe wa Mfalme Tembo.

"Mfalme anawapenda! Msimu huu mbegu bure, mbolea bure! Nyie limeni tu, zinakuja!"

Vigelegele! Sasa mgeni kama huyo alale njaa? Haiwezekani. Ghala zilikuwa tupu, basi kila mmoja akashusha kikapu chake cha mbegu.

"Jamani, hizi ni mbegu," akasema Bi Kanga.

"Shoga, wewe nawe!" akacheka jirani yake Bata. "Utamnyima mjumbe wa mfalme kwa ajili ya vimbegu vya moshi?"

Bi Kanga akaona haya. Akatwanga, twa! twa! twa! Wakapika pilau. Mbuni akala, akashiba, akaenda zake.

Mvua ikanyesha. Majaruba yakajaa maji. Mbegu hazikuja. Bi Kanga akapanda kichuguu, akatazama njia. Kimya.

"Mama, tunapanda lini?" akauliza Chembe, kitinda mimba wake.

"Zinakuja, mwanangu."

Zikaja, pamoja na mbolea, mvua ilipokwisha. Tena hazikufika bondeni, ziliachwa ng'ambo ya mlima. Punda akasema, "Mbegu ni bure, mgongo wangu si bure. Mtanilipa mpunga mkivuna."

Bi Kanga angefanyaje? Akakubali. Akapanda kwenye tope linalokauka. Akatia mbolea. Majani yakastawi, ukiyatazama unafurahi. Lakini masuke yalipotoka, maji hakuna.

Akavuna hivyo hivyo, akainua ungo kupepeta. Fuu! Upepo ukachukua. Fuu! Ukachukua tena. Mapepe matupu! Punje chache zilizobaki, Punda akazizoa kwa ajili ya ujira wake. Bi Kanga akarudi nyumbani na ungo mtupu.

Kiangazi kile Chembe akafa kwa njaa. Uchungu wa mama yule, jamani, siwezi kuusema.

Ndu! ndu! ndu! Mbuni tena. "Mfalme anauliza, mbegu zake zilizaa?"

"Mwambie zilizaa majani," akasema Bi Kanga. "Mwambie na Chembe wangu alizisubiri mpaka akachoka."

Mbuni akashika njia. Siku ile hakuna aliyempikia.

Basi, wakubwa kwa wadogo, sikieni. Msaada wa mkulima ufike kabla ya mvua, na ufike shambani. Ukichelewa, unamla mkulima mwenyewe. Nawe mkulima, usipike mbegu yako kwa kusikia ngoma.

Hadithi yangu imelala hapo. Mwenye wali nyumbani, ampakulie jirani.