Kwezi Aliyekataa Kuitikiwa

Paukwa!

Pakawa!

Nimesikia sauti tano tu, na tatu zimetoka jikoni. Huko nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Sasa hapo. Ngano hii ina wimbo, na wimbo una pahali penu. Nikiimba "Nani yupo?", nyinyi semeni "Tupo sisi!" Watoto kwa wazee. Mkininyamazia, itanifia mdomoni. Tujaribu. Nani yupo?

Tupo sisi!

Haya, twende.

Hapo zamani za kale palikuwa na bonde, Bonde la Matete. Bondeni palikuwa na kidimbwi. Kando ya kidimbwi palikuwa na bendi. Kigogota alikuwa mpiga ngoma. Aligonga gogo kavu kwa mdomo wake, ko-ko-ko, ko-ko! Nyenje alikuwa mpiga zeze. Alisugua mbawa zake, nyiii, nyiii! Chura alikaa matopeni, akaitikia kwa sauti nene, kwaa! Na mbele yao, juu ya tete refu, alisimama Kwezi. Huyo ndiye aliyekuwa mwimbaji.

Kwezi alikuwa na sauti. Jamani, alikuwa na sauti! Akiimba asubuhi, umande ulichelewa kukauka. Na manyoya yake yalikuwa ya buluu, yaking'aa, na kifua chekundu kama udongo wa mlimani.

Kila mwaka, mvua ya kwanza ikinyesha, wanyama wote walishuka kidimbwini. Hiyo ilikuwa desturi yao. Kwezi alirusha mstari, Chura akaudaka, umati ukaubeba:

Mvua imepiga, nani yupo?
Nipo mimi! akaitikia Chura.
Tupo sisi! wakaitikia wote.

Na wimbo ukikaribia kuisha, Kwezi aliwataja wenzake, mmoja mmoja.

"Ngomani, Kigogota!" Ko-ko-ko!

"Kwenye zeze, Nyenje!" Nyiii!

"Matopeni, ndugu yangu Chura!" Kwaa!

Kisha Chura alimalizia: "Na juu ya tete, ndugu yetu Kwezi!" Vigelegele vikapasua bonde. Hiyo nayo ilikuwa desturi. Hakuna aliyeimba bila kutaja, na hakuna aliyetajwa bila kujibu.

Mwaka mmoja akaja mgeni kutoka msituni. Alikuwa Kasuku. Alisikiliza wimbo mpaka mwisho, kisha akaruka, akatua karibu na Kwezi.

"Sauti kama hii," alisema Kasuku, "inaitikiwa na mtu wa matopeni?"

Kwezi akacheka. Alicheka, lakini neno likamwingia.

Mvua iliyofuata, Kwezi aliimba vizuri kuliko siku zote. Wimbo ukakaribia kuisha. Kigogota akainua mdomo, tayari kujibu. Nyenje akatandaza mbawa. Chura akajaza hewa kooni. Wakangoja. Wakangoja. Kwezi akainama mbele ya umati, akashuka kwenye tete.

"Kaka, umetusahau," alisema Nyenje.

"Sikuwasahau. Wimbo ulikuwa na uzito. Majina yanauharibu."

"Ala!" alisema Kigogota. "Tangu lini jina langu likawa uchafu wa kuangukia kwenye wimbo?"

"Hamtanielewa," alisema Kwezi. "Mimi siimbi tena. Mimi ninatafakari kwa sauti. Na kutafakari hakutaki kelele. Nitaendelea peke yangu."

"Peke yangu! Peke yangu!" alisema Kasuku.

Chura alimtazama tu Kwezi akipanda hewani, juu, juu, mpaka akawa nukta.

Kwezi akahamia Kilima cha Mawe. Kasuku akamwokotea unyoya wa mbuni. Kwezi akaubandika kichwani. Ulikuwa mrefu kuliko yeye mwenyewe. Upepo ukivuma kulia, naye aliyumba kulia. Ukivuma kushoto, naye kushoto. Kasuku akazunguka nyika nzima akitangaza: "Kwezi peke yake! Kwezi peke yake!"

Wakaja. Siku ya kwanza walikuja wote. Pundamilia alikuja, Swala alikuja, Nungunungu alikuja akachoma kila aliyekaa karibu naye. Mama Ngiri alikuja na watoto wake saba, mikia juu, mmoja nyuma ya mwingine.

Kwezi akasimama juu ya jiwe. Akafumba macho. Akanyamaza. Akanyamaza tena. Mtoto mmoja akapiga chafya. Ndipo Kwezi akaanza:

Mimi ni kivuli cha sauti ya kivuli,
Katika kutokuwepo, nani yupo?

Watoto wa Mama Ngiri hawakusikia kivuli. Walisikia "nani yupo". Wakaruka juu, wote saba:

"Tupo sisi!"

Kwezi akafumbua macho. "Nani huyo?"

Watoto wakatazamana.

"Nauliza, nani huyo? Nani amewaambia muitikie? Wimbo huu si wa kuitikiwa. Ni wa kunyamaziwa! Mwimbaji akiimba, nyinyi kaeni kimya mpaka mwisho. Mmesikia?"

"Mmesikia? Mmesikia?" alisema Kasuku.

Watoto saba wakashusha mikia saba. Mama yao akawavuta karibu. "Nyamazeni, wanangu. Mjomba Kwezi hataki kuitikiwa. Shikeni hilo, msinitie aibu tena."

Wakalishika.

Kwezi akaendelea na vivuli vyake mpaka jua likafika utosini. Alipomaliza, hakuna aliyejua kama amemaliza.

"Umeelewa?" Nungunungu alimnong'oneza Mama Ngiri.

"Nimeelewa kwamba nina njaa."

Wakaondoka kwa ncha za vidole, nya, nya, nya. Kwezi akamgeukia Kasuku. "Nilikuwa mzuri?"

"Ulikuwa mzuri!"

"Walinielewa?"

"Walikuelewa!"

Siku ya pili walikuja nusu. Pundamilia alisema mguu unamuuma. Swala alisema ana wageni. Nungunungu alikuja, lakini alikaa mbali, akaondoka katikati, miba ikilia cha-cha-cha mawe yote yakisikia.

"Wamepungua," alisema Kwezi.

"Wamepungua!" alisema Kasuku.

"Ni kwa sababu nimewazidi."

"Umewazidi! Umewazidi!"

Basi, mwaka ule kiangazi kilikuwa kirefu. Nyasi zikageuka unga. Kidimbwi kikawa kama bakuli, kisha kama kiganja. Siku moja Chura akaondoka kidimbwini kumtafuta rafiki yake. Alikwenda kwa miguu. Na mwendo wa Chura mnaujua. Pyu! akapumzika. Pyu! akapumzika. Jua linachoma, mawe yanachoma, ngozi inakauka, inabana. Akafika Kilima cha Mawe saa tisa, midomo imepasuka.

Kwezi alimwona akija. Alimwona kutoka mbali. Akaingia nyuma ya majani ya mti uliokuwa kando ya jiwe lake.

"Hodi," alisema Chura.

Kasuku akashuka tawi moja. "Unamtaka nani?"

"Namtaka ndugu yangu Kwezi. Mwambie mawingu yameanza kujikusanya upande wa kusini. Mvua ya kwanza iko njiani. Mwambie aje atuimbie. Siku moja tu. Akitaka asinitaje, na asinitaje. Aje tu."

Kasuku akapanda tawi. Kwezi alikuwa amesikia kila neno. Alitazama miguu yake. Alitazama unyoya. Akasema kwa sauti ya chini: "Mwambie nina mazoezi."

"Nina mazoezi! Nina mazoezi!" alisema Kasuku.

Chura akainua macho kwenye majani. Majani yalitikisika kidogo, na hapakuwa na upepo. Aliyaona. Chura ana macho makubwa, angeachaje kuyaona?

"Sawa," alisema. "Mwambie nafasi yake hatutaiziba. Tukifika kwenye mstari wake, tutanyamaza kidogo, kisha tutaendelea. Akija siku yoyote, ataikuta."

Akageuka. Pyu! akapumzika. Pyu! akapumzika.

Kwezi angeruka mara moja tu angemfikia. Hakuruka.

Mawingu yale ya kusini yalidanganya. Yakapita. Jua likabaki.

Siku ya tatu ya maonyesho ya Kwezi hakuja mtu. Kwezi alisimama juu ya jiwe, akafumba macho, akanyamaza, akafumbua. Chini kwenye vumbi kulikuwa na mmoja tu, Kobe, akihema.

"Umebaki wewe," alisema Kwezi. "Wewe ndiye unayenielewa."

"Samahani, bwana," alisema Kobe. "Mimi nimekuja kwa lile onyesho la kwanza. Bado halijaanza?"

Kwezi akakaa juu ya jiwe. "Nilikuwa mzuri?" aliuliza, ingawa siku hiyo hakuwa ameimba. Hakuna aliyejibu. Akageuka huku, akageuka kule. Kasuku alikuwa ameondoka asubuhi. Alikuwa amempata Mbuni, aliyesema ameanza kutafakari kwa miguu.

Ndipo kwa mara ya kwanza Kwezi akasikia kilima kilivyo kimya. Akaimba kwa sauti ndogo, "Nani yupo?" Mawe hayakusema kitu.

Siku zikapita. Kisha, mchana mmoja, harufu ya udongo uliolowa ikapanda kilimani. Mvua! Huko bondeni ikasikika: ko-ko-ko, ko-ko! Nyiii, nyiii! Kwezi akasimama. Ngoma ikafika kwenye mstari wake. Ikanyamaza. Kimya kidogo, kama pumzi moja. Kisha ikaendelea.

"Wameiacha," alisema Kwezi. "Wameiacha kweli."

Akang'oa unyoya wa mbuni, akautupa. Akaruka, prrr! Hakupumzika njiani.

Alipotua kidimbwini, ngoma ikasimama. Wanyama wote walikuwapo. Kigogota alimtazama, kisha akatazama gogo lake.

"Shikamooni," alisema Kwezi. Ndege mzima yule, anawaamkia wa rika lake kama mtoto.

"Nafasi yako hiyo hapo," alisema Kigogota. "Usinishukuru mimi. Mimi ningeiziba zamani. Ni Chura aliyeiacha."

"Chura yuko wapi?"

Nyenje akakunja mbawa.

"Nauliza, ndugu zangu. Chura yuko wapi?"

Mama Ngiri ndiye aliyesema. "Alirudi kutoka kwako ngozi imekauka, mwanangu. Maji yalikuwa yamekwisha. Akachimba matopeni, akaingia, akasema atatoka mvua ikinyesha." Akaelekeza pua kwenye tope. Matone yalikuwa yakiligonga, to, to, to. "Huku bondeni imenyesha tangu asubuhi."

Kwezi alitazama tope. Alilitazama sana.

Kisha akapanda tete lake. Lilipinda kama zamani. Kigogota akagonga, polepole. Nyenje akasugua. Na Kwezi akaimba bila kufumba macho:

Mvua imepiga, nani yupo?

Akangoja sauti nene. Matopeni kimya. Akangoja umati. Umati kimya. Wakubwa walikuwa wamezoea kuitikia wakimfuata Chura, na Chura hayupo. Na watoto saba wa Mama Ngiri walikaa wima, midomo imefungwa, mikia imeshushwa, adabu tupu.

"Itikieni," alisema Kwezi. "Wanangu, itikieni!"

Mdogo wao akamtazama mama yake. "Mama, si mjomba alisema tusiitikie? Si ulituambia tulishike?"

Mama Ngiri akainamisha kichwa.

Kwezi akashuka kwenye tete. Akashuka mpaka chini, akaingia matopeni, miguu, tumbo, kifua chekundu. Akakaa pale alipokuwa akikaa Chura. Akavuta pumzi, akaitafuta sauti nene.

"Nipo mimi!"

Haikuwa nene. Ilipasuka katikati, kwi-kwaa, kama mlango mbovu. Halafu mtoto yule mdogo akacheka. Akacheka mpaka akaanguka kwenye maji, chubwi! Ndugu zake sita nao wakaanza. Na katikati ya kicheko mmoja wao akasema, nusu mzaha, "Tupo sisi!" Mwingine naye. Kisha wote.

Wimbo ukaisha, Kwezi akiwa bado topeni. Akataja. "Ngomani, Kigogota!" Ko-ko-ko. "Kwenye zeze, Nyenje!" Nyiii. Akanyamaza kama pumzi moja.

"Matopeni, ndugu yangu Chura."

Matone yakagonga. To, to, to. Hakuna aliyejibu, wala Kwezi hakuomba ajibiwe. Na hapakuwa na wa kumalizia kwa kumtaja yeye.

Tangu mwaka ule Kwezi hakupanda tena tete. Aliwaachia vijana waimbe, yeye akaitikia. Alijaribu kila mwaka kuifikia sauti nene, asiifikie. Na watoto wake, na wajukuu wake, hawakai peke yao. Watazameni wakitua mahali: wanatua kundi zima. Mmoja akilia, wote wanajibu hapo hapo, kwa haraka, kama wanaoogopa kuchelewa.

Mafunzo yake ni haya, wanangu, na nyinyi wakubwa pia. Ukiimba na wenzako, wataje. Usiwaambie wanyamaze ili usikike wewe. Siku utakapowahitaji, watakuwa wamezoea kunyamaza, na mwingine atakuwa hayupo tena wa kuombwa msamaha.

Ngano yangu imefika matopeni. Haivuki hapo. Lakini kabla hamjainuka, niambieni, nani yupo?

Tupo sisi!