Mwiba Uliohudhuria Kikao

Naomba masikio.

Chukua.

Niyarudishe lini?

Yakijaa.

Basi kaeni vizuri. Na wewe uliyesimama mlangoni, ama uingie ama utoke. Hadithi haisimuliwi kwa mtu nusu.

Hapo zamani za kale, kabla bibi wa bibi yangu hajaota jino, katika bonde moja wanyama hawakuwa na shule. Mtoto wa chui alifundishwa na mama yake kukamata. Mtoto wa swala alifundishwa na mama yake kukimbia. Aliyefeli hakurudia darasa.

Siku moja wakachoka. Wakakubaliana, wakubwa kwa wadogo, wajenge shule moja ya wote. Ngiri wakachimba udongo, ndege wakaleta fito, twiga wakaezeka. Shule ikasimama. Mtoto wa chui akakaa dawati moja na mtoto wa swala. Asubuhi ya kwanza hakuna aliyefundishika, maana kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake. Asubuhi ya pili ikawa afadhali. Asubuhi ya tatu wakaazimana kalamu.

Hakuna aliyelipishwa ada, na hakuna aliyeulizwa baba yako nani. Sheria kubwa ilikuwa moja tu: ndani ya uzio wa shule, na njiani kwenda na kurudi, mtoto haguswi na jino la mtu.

Mwalimu Mkuu alikuwa Korongo. Alisimama kwa mguu mmoja tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho, na alipenda kanuni kuliko samaki.

Sasa, katika bonde hilo aliishi Mama Nungunungu. Alikuwa na mtoto mmoja, binti, jina lake Sikudhani. Wawili waliomtangulia hawakuishi, na huyu mama yake hakudhani atamwona akitembea. Akatembea. Akaingia shule. Mama Nungunungu akawa anampenda mpaka anaogopa.

Kila mwezi mpya wazazi waliitwa kikaoni. Walishika madaftari ya watoto wao, wakauliza na wakaulizwa, kisha wakakata shauri. Mama Nungunungu alikwenda mara moja. Mwalimu Korongo akampa daftari la Sikudhani, naye akalishika kichwa chini, miguu juu. Mtoto wa Ngiri akacheka. Mama Nungunungu akaliweka daftari mezani kabla hajafungua hata ukurasa wa kwanza, akaondoka.

Hakwenda tena. Alisema yeye huchimba mizizi usiku, kwa hiyo mchana hulala. Ilikuwa kweli, lakini hakikuwa kisa. Kisa kilikuwa aibu. Mwenye macho haambiwi tazama, na mwenye aibu haambiwi njoo.

Mwalimu Korongo, kwa huruma, alikuwa ameweka desturi. Mzazi mwenye udhuru angeweza kutoa alama ya mwilini mwake, akampa jirani aende nayo kikaoni. Kanga hutoa unyoya, ngiri unywele wa mkia, nungunungu mwiba. Alama ikifika, mzazi amefika. Ilikuwa desturi njema, imewekewa wagonjwa na waliofiwa.

Kisha Mbweha akaisikia.

Mbweha hakuwa na mtoto shuleni. Hakuwa na mtoto popote. Alikuwa na kapu. Akalitia begani, akapita nyumba hadi nyumba akiimba:

Pumzika, mwenye nyumba, pumzika,
nipe alama yako, nitafika.

Akafika kwa Mama Kanga. Mama Kanga akasema, "Nimelalia mayai." Mbweha akasema, "Lalia, mama. Mayai hayana likizo." Akapewa unyoya.

Akafika kwa Baba Ngiri. Baba Ngiri akasema, "Nina tope langu hapa sijalimaliza." Mbweha akasema, "Na tope likikauka utamlaumu nani?" Akapewa unywele.

Akafika kwa Mama Nungunungu. Mama Nungunungu akatazama chini. Mbweha akamtazama, akasema, "Macho yamekuvimba, dada. Nenda kalale." Mama Nungunungu akang'oa mwiba, akampa, na ukweli usemwe, alishukuru.

Kikao cha kwanza walikuja wazazi wanane kwa miguu yao, na thelathini na wawili kwa kapu. Mbweha akasimama mbele, akasema, "Ndugu wazazi, watoto wamekonda. Wapewe uji mara mbili kwa siku." Mwalimu Korongo akahesabu alama. Likapita. Wazazi waliobaki nyumbani wakasema, unaona, tulifanya vyema kutokwenda.

Kikao cha pili walikuja wazazi watatu kwa miguu, na thelathini na saba kwa kapu. Mbweha akasema, "Ndugu wazazi, watoto wanaanguka na kuchubuka. Mbio zipigwe marufuku." Likapita. Watoto wakakaa. Watoto wakanenepa. Wazazi wakasema shule hii inalea.

Kikao cha tatu hakuja mtu. Zilikuja alama arobaini, Mbweha akazipanga kwenye mabenchi, unyoya kando ya unywele, unywele kando ya mwiba. Akasimama mbele yao akakohoa. "Ndugu wazazi," akasema, "watoto wanatoka mbali. Ninalo shimo safi nyuma ya kilima. Ninalitoa liwe bweni. Wahamie Ijumaa." Mwalimu Korongo akauliza, "Nani anapinga?" Akaitazama alama moja moja. Zikatulia. Likapita kwa kauli moja.

Enyi mnaosinzia, amkeni, tunafika kwenye jambo.

Kesho yake Sikudhani alirudi nyumbani na barua. Akasema, "Mama, nikusomee?"

"Soma."

Sikudhani akasoma kuwa Ijumaa asubuhi kikao kitathibitisha muhtasari, kisha watoto wote watahamia nyuma ya kilima kwa Mbweha. Kisha akasoma majina ya wazazi waliohudhuria na kukubali. La kumi na moja lilikuwa Mama Sikudhani.

"Mimi sikuwepo," akasema Mama Nungunungu.

"Mwiba wako ulikuwepo, mama. Uliketi benchi la mbele."

Mama Nungunungu akakaa chini. Kisha akauliza, "Mwanangu, ile sheria ya jino, inaishia wapi?"

"Inaishia kwenye uzio na njia ya shule. Imeandikwa ubaoni. Tumeisoma darasa la kwanza."

"Na nyuma ya kilima?"

"Nyuma ya kilima hakujaandikwa kitu."

Mama Nungunungu hakulala mchana ule. Alikwenda kwa Mama Kanga, akasema, "Ijumaa njoo shuleni, watoto wataliwa." Mama Kanga akasema, "Unatia chumvi, shoga yangu. Lakini kama ni muhimu, chukua unyoya wangu mwingine, nenda nao." Alikwenda kwa Baba Ngiri. Baba Ngiri akasema, "Wewe ni mama mwenye akili. Chukua unywele." Alikwenda nyumba ya tatu, na ya nne, na ya kumi. Kila mahali alinyooshewa alama.

Akazikataa zote. Aliona akizipokea hizo, bado kidogo tu naye angehitaji kapu.

Ijumaa asubuhi akaenda peke yake. Njiani aliogopa, si Mbweha, bali kuulizwa. Akaingia. Watoto arobaini walikuwa wamefunga virago. Mbweha alikuwa mbele na kapu lake, amepangusa mdomo mapema.

Mwalimu Korongo akasema, "Karibu, Mama Sikudhani. Tunathibitisha muhtasari."

"Mwalimu, nina swali. Alama ikifika, mzazi amefika?"

"Amefika."

"Na mzazi aliyefika, huulizwa habari za mtoto wake?"

"Huulizwa. Ndiyo kanuni."

"Basi naomba kumuuliza Mama Kanga."

Mwalimu Korongo akatoa unyoya kapuni, akauweka kwenye benchi, akaunyoosha. Mama Nungunungu akauliza, "Mama Kanga, mwanao anaogopa nini?"

Wakangoja. Korongo amezoea kungoja, ndiyo kazi ya ukoo wake. Unyoya haukujibu.

Mbweha akasema, "Mimi nasema kwa niaba yake. Anachoogopa mtoto sikijui. Ila kifua chake kimejaa vizuri." Mwalimu Korongo akaandika.

Ukawekwa unywele wa Ngiri. "Baba Ngiri, mwanao anakaa dawati moja na nani?" Wakangoja. Mbweha akasema, "Hilo nalo silijui. Lakini paja la kushoto limezidi la kulia, hilo nimelipima kwa macho." Mwalimu Korongo akaandika.

Mara ya tatu Mama Nungunungu akauchukua mwiba wake mwenyewe, akauweka kwenye benchi. "Na huyu, mwanawe anaitwa nani?"

Mbweha alikuwa hajanywa hata chai, na maswali yamekuwa mengi. Akasema, "Yule wa miiba? Jina la nini? Nimempanga siku ya mwisho, mpaka nipate mtu wa kumchuna."

Kisha akajiziba mdomo kwa mkia. Mwalimu Korongo akaandika hilo pia. Akalisoma aliloandika, akarudia kulisoma.

"Anaitwa Sikudhani," akasema Mama Nungunungu.

Mwalimu Korongo akashusha mguu wake wa pili. Watoto hawakuwahi kumwona akiutumia. Akasema, na sauti yake haikuwa nzuri, "Nimesikia. Lakini kanuni niliiweka mimi. Alama thelathini na tisa zinakubali. Mzazi mmoja anapinga."

Hapo Sikudhani akanyoosha mkono. "Mwalimu, alama ni mali ya nani?"

"Ya mzazi."

"Mtoto anaweza kumrudishia mzazi mali yake?"

Mwalimu Korongo akafikiri. "Hakuna kanuni inayokataza."

Mbweha akalikumbatia kapu. Mama Nungunungu akamgeuzia mgongo tu, akasimamisha miiba yote aliyobaki nayo, akaanza kurudi nyuma polepole. Mbweha akaliachia kapu.

Watoto wakalijia. Kila mmoja aliijua alama ya kwao, maana hakuna mtoto asiyejua unyoya aliolalia. Wakatoka mbio. Mbio zilikuwa zimepigwa marufuku. Mwalimu Korongo akageuka, akautazama mto uliopita nyuma ya shule.

Walikimbia wanene hivyo hivyo, wanahema. Mtoto wa Kanga akafika kwao, akasema, "Mama, unyoya wako umekubali niliwe." Mtoto wa Ngiri akafika kwao, akasema, "Baba, unywele wako umekubali niliwe." Hivyo hivyo nyumba thelathini na tisa.

Nadhani mnaujua moyo wa mzazi, sina haja ya kuueleza. Mama Kanga alikuja na mayai kwapani. Baba Ngiri alikuja na tope lake, amelivaa. Twiga alisahau kuinama, akaingia na sehemu ya paa. Wakajaa darasani, jasho linawatoka, wala hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Mwalimu Korongo akauliza, "Nani anathibitisha muhtasari?" Hakuna aliyeinua mkono. "Nani anapinga?"

Wakapinga. Walipinga kwa pembe, kwa kwato na kwa midomo. Muhtasari wa siku ile unasema kuwa Mbweha aliondoka kabla ya mengineyo. Hausemi alivyoondoka.

Ndiyo maana hadi leo mbweha hulia kutoka mbali. Ukimsikiliza utadhani anaitika, nipo, nipo, lakini hakaribii. Na ndiyo maana nungunungu hampi mtu mwiba. Ukiutaka, okota uliodondoka.

Wazazi walipomaliza wakataka kwenda zao, kila mtu na kazi yake. Mama Nungunungu hakuondoka. Alikaa kwenye benchi, akasema, "Mwalimu, nipe daftari la mwanangu."

Akapewa. Akalishika kichwa chini, miguu juu, kama mara ya kwanza. Mtoto wa Ngiri aliona. Safari hii hakucheka. Alimsogelea, akaligeuza taratibu, akarudi kukaa. Wazazi wengine wakaona, wakakaa nao, kila mmoja akaomba daftari.

Mama Nungunungu akafungua ukurasa wa kwanza, ule alioukimbia. Palikuwa na mstari mmoja, umeandikwa tena na tena mpaka chini, kwa mkono wa mtoto anayejifunza.

"Hapa pameandikwa nini?" akauliza.

"Jina lako, mama," akasema Sikudhani. "Mwalimu alisema tuandike jina la atakayekuja kutusikiliza."

Mama Nungunungu akaliangalia jina lake kwa muda mrefu. Akaliwekea kidole. Kisha akauliza herufi ya kwanza inaitwaje.

Basi wenzangu, funzo lenyewe ni hili. Shule ya wote ni mali ya wote, na mali isiyo na macho ya mwenyewe hupata macho ya mwingine. Tuma pole, tuma salamu, tuma hata mchango wa chumvi, lakini kwa mtoto wako usitume, nenda. Hata kama hujui kusoma. Mtoto hakuuliza hilo.

Yamejaa?

Yamejaa.

Basi nayarudisha masikio yenu, kila mtu achukue yake. Asimchukulie jirani.