Maua ya Malenga

Wapendwa, leo nina habari za mtu aliyependa mashairi kuliko ndugu yake, na tafadhali msianze kumtazama jirani.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mwema kabisa. Tangu ujana alimpenda malenga mmoja wa zamani aliyetunga mashairi ya undugu, akayajua yote kwa moyo. Siku moja akapanda basi na mkewe, safari ya saa saba, waende mjini kuiona sanamu ya malenga huyo. Akanunua maua, akayapakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Walipofika akayaweka miguuni pa sanamu, akaghani beti kumi na mbili, machozi yakamtoka. Mkewe akamwacha amalize, kisha kwa upole akamkumbusha kwamba mdogo wake anakaa nyuma ya soko, mtaa wa pili tu kutoka pale. Ndugu hawa hawakuwa wamesalimiana kwa miaka tisa. Kisa? Siku ya kumzika baba yao, mdogo alisoma shairi la malenga huyo huyo makaburini bila kumwomba mkubwa ruhusa.

"Tutachelewa," mwalimu akasema.

"Tutachelewa wapi, mume wangu? Basi letu ni kesho."

Mzee mmoja aliyekuwa akifagia bustani ile akasogea. "Samahani, mwalimu. Hayo maua saa kumi nitayafagia, ndiyo kazi yangu. Kama una mtu wa kumpa, mpe."

Mwalimu aliumia sana. Mwishowe akainama, magoti yakimlia, akayaokota maua yake moja moja.

Mdogo wake alipofungua mlango na kumkuta kaka yake amesimama na maua, alishika mwimo asianguke. Akauliza, "Kaka, nani amekufa?"

Je, alikosea kuuliza hivyo? Sisi tumempelekea nani maua akiwa bado anaweza kuyanusa? Msibani tunajua kusema vizuri, tena kwa machozi, na aliye hai tunapishana naye sokoni kama hatumwoni. Najua unaye wa kwako, maana hata mimi ninaye. Tukitoka hapa, tuwafuate. Na akikufungulia kwa hofu, akakuuliza nani amekufa, mwambie hakuna. Mwambie, safari hii nimewahi.