Nyuki wa Jumana na Siku Mbili za Kunyamaza

Inasimuliwa na watu wa asali wa milima ya Yemeni, na Mola ndiye ajuaye zaidi, kwamba alikuwako mcha Mungu mmoja akiitwa Wahbani bin Ghalibu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa swala na saumu, na kazi yake ilikuwa kunasa nyuki wanaohama. Kazi hiyo haitaki mabavu, kwa kuwa nyuki halazimishwi, huvutwa kwa harufu. Wahbani alikuwa akichukua mzinga mtupu wa gogo, akaupaka ndani nta kuukuu iliyoyeyushwa, akausugua kwa majani ya mchaichai mpaka viganja vyake vikanukia, kisha akauweka juu ya mwamba unaokabili upepo. Nyuki wapelelezi wakiipata harufu ile hudhani wenzao waliwahi kukaa pale wakaneemeka, nao hurudi kuwaita ndugu zao.

Bonde lile lilikuwa na ada zake. Mzinga wa mtego haukuwekwa mahali unapoonekana moshi wa jiko la mwenye nyuki mwingine. Kila mwenye nyuki naye alinyunyiza unga wa udongo mlangoni pa mzinga wake, kila nyumba na rangi yake, ili kundi likihama lijulikane limetoka kwa nani. Akipoteza kundi, alikuwa na siku tatu za kwenda kuliulizia. Jua la siku ya tatu likitua hajafika, nyuki walikuwa halali ya aliyewanasa.

Basi ikaja miaka mitatu ya ukame. Mikunazi haikutoa maua, mizinga ikabaki kimya, na watu wakala mizizi. Mke wa Wahbani, bibi mwema akiitwa Rababu, alishikwa na kifua akawa anakohoa damu. Tabibu akasema, "Mpe asali na uji wa mtama, au anza kumwandalia sanda." Matabibu wa zamani hawakuwa na ulimi wa pamba kama hawa wetu.

Siku hizo msafara wa wafanyabiashara kutoka bonde la juu, ambako mvua ilinyesha, ulitua penye kisima. Walitafuta nyuki hai, na kwa kundi moja walitoa mtungi wa asali na magunia mawili ya mtama. Walisema wangekaa siku tatu kisha waondoke alfajiri ya siku ya nne.

Siku ileile waliyotua, adhuhuri, kundi la nyuki likaingia katika mtego wa Wahbani. Akasujudu pale pale mwambani kwa shukurani. Alipoinua kichwa akawaona vizuri: mbawa zao zilikuwa na vumbi jekundu. Udongo mwekundu ulikuwa wa nyumba moja tu, ya Jumana, mjane aliyekaa nyuma ya kilima na binti yake mdogo, Lubna. Mzinga wenye uhai aliokuwa nao mjane yule ulikuwa huo mmoja.

Hapa ndipo mtihani ulipomfika, na wala haukumjia kwa sura ya wizi. Mtego aliuweka mbali, kama ada ilivyotaka. Ada haikumwamuru anasaye aende kumtafuta mwenye mali; mwenye mali ndiye huja. Wahbani akajiambia, "Akija, nitampa. Asipokuja, basi Mungu amemruzuku Rababu." Akarudi nyumbani akaswali, akaswali tena, na kila rakaa akamwomba Mola asimlete Jumana. Fikiri, ewe ndugu, mtu amesimama mbele ya Mola wake anaomba mjane asije kudai haki yake!

Siku ya kwanza Jumana hakuja. Ya pili hakuja. Usiku wa kuamkia ya tatu Rababu akamwuliza mumewe, "Mbona huli hata hicho kidogo tulicho nacho?"

Akamweleza yote. Rababu akakohoa kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mume wangu, mimi nitakufa leo au kesho, hilo si lako. Lakini usinipeleke kaburini na uji wa yatima tumboni."

Kulipopambazuka, Wahbani aliufunga mlango wa mzinga kwa kitambaa, akaubeba mgongoni, akapanda kilima. Alimkuta Jumana ameketi chini ukutani, mguu wake umevimba umekuwa mweusi. Mapajani pake alikuwa amempakata Lubna, amemfunika ushungi usoni. Wahbani alielewa kabla ya kuambiwa.

Jumana akasema, "Nyuki walipotoka niliwafuata nikipiga sinia ili watue, nikaanguka mawe yakanivunja. Nilijikokota mpaka hapa. Nilipaza sauti, hakuna aliyesikia. Mwanangu alikuwa na njaa ya siku nyingi. Amekwenda jana, jua likizama." Kisha akautazama mzinga. "Hao ni wangu?"

"Ni wako, dada yangu."

"Walikufikia lini?"

Wallahi, swali lile lilikuwa zito kuliko mzinga aliokuwa ameubeba. Angesema, "Alfajiri ya leo," nani angemsuta? Angeshuka kilima akiitwa mwaminifu, na mjane angemwombea dua. Wahbani akatua mzinga, akapiga magoti.

"Juzi, adhuhuri. Na alama yako niliiona saa ileile. Nilinyamaza nikitumaini hutakuja."

Jumana alimtazama, akautazama mkono mdogo uliotoka chini ya ushungi, akaurudisha ndani.

"Msafara wenye mtama niliuona ukishuka. Ulikuwa kisimani," akasema.

"Ulikuwa kisimani."

"Basi chimba kaburi. Mimi siwezi kusimama."

Wahbani akachimba, ardhi ngumu kama chungu kilichochomwa. Akamswalia mtoto, akamzika. Kisha, kwa ruhusa ya Jumana, akaupeleka mzinga kisimani akauuza, akamrudishia asali yote na mtama wote, akamleta mwunga mifupa amtazame mguu. Yeye aliingia kwake mikono mitupu. Rababu alifariki kabla mwezi haujaandama.

Aliyekuja kumwosha maiti alikuwa Jumana, akichechemea na fimbo. Alimwosha kwa upole, akamkafini, na alipotoka Wahbani akamwuliza kwa sauti ya chini, "Umenisamehe?"

Akajibu, "Huyu hakunikosea, nimekuja kwa ajili yake. Wewe uliniambia ukweli, nami nakujibu ukweli: bado."

Wapo wanaokisimulia kisa hiki wakakitia asali mwishoni, eti wawili wale walipatana na mvua ikanyesha siku hiyo. Mimi sikukipokea hivyo kwa mwalimu wangu. Nilichopokea ni kwamba Wahbani aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila kundi liliponaswa alifunga mlango wa mzinga akapita nyumba kwa nyumba akiuliza, "Ni wenu hawa?" Na kila mwaka alianza na mlango wa Jumana, naye alimjibu kutoka ndani bila kufungua.

Ndugu zangu, tunamsifu Wahbani kwa kusema kweli pale ambapo uongo ungemfaa, na anastahili sifa, Mola amlipe. Lakini tusisahau kwamba ukweli wake ulikuwa tayari kinywani tangu siku ya kwanza, mtoto akiwa hai. Ukiwa na haki ya mwenzio, usingoje aje kuiulizia. Nenda leo.